Sangara anapimwa, dhahabu inapimwa, kompyuta inakisiwa!

Wadau, leo naomba niwaudhi kidogo mafundi wetu wa kompyuta, na sisi wenyewe tunaowalipa.

Nilikuwa Nkome, mkoani Geita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, kwa binamu yangu. Ana chumba kimoja cha kazi: anahariri video za harusi na kuwawekea watu muziki kwenye flashi. Wateja wake wengi ni wavuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za kuvutia dagaa hazifui dafu, basi wavuvi wanabaki nchi kavu. Siku hizo chache ndizo zinazolipa kodi ya chumba. Kompyuta ikigoma siku hizo, imekula kwake.

Prosesa yake ni Intel Core i5-2500K, toleo la 2011. Kiwandani imeandikwa gigahezi 3.3. Akasoma mahali kwamba wenzetu wanaifikisha 4.5, mchezo ambao vijana wanauita ovakloki. Akaingia kwenye bayosi, akaweka kizidisho 45. Megahezi 100 mara 45, hesabu rahisi. Mashine ikawaka, ikaonyesha 4.5, akashangilia. Alipoanza kuhariri harusi, spidi ikaporomoka na kazi ikawa nzito kuliko zamani.

Akaitwa fundi. Akaitazama, akaigusagusa, akatoa hukumu: "Prosesa feki hii bosi, nunua nyingine." Na hiyo nyingine, kwa bahati ya ajabu, alikuwa nayo kwenye begi!

Jamani! Pale mwaloni hakuna anayenunua sangara bila mzani. Geita mjini, mchimbaji mdogo hauzi chembe ya dhahabu bila kuiona ikipimwa gramu kwa gramu. Kwa nini kwenye kompyuta tunakubali kukisiwa? Fundi anayetaja ugonjwa bila kupima si fundi, ni muuza vipuri.

Tukapima wenyewe. Kwanza tulihakikisha tunasoma spidi mashine ikiwa kazini, maana prosesa hizi zikiwa hazina kazi hujishusha zenyewe ili kuokoa umeme, na wengi hulia bure. Pili tukaangalia kama inaruhusu: herufi K ipo, na mazabodi ni ya aina inayokubali kubadili kizidisho. Zile kompyuta za ofisi zilizotumika, nyingi hazikubali, hata ufunge kafara.

Tatu, joto. Programu ya bure ilituonyesha jibu kwa dakika tano: nyuzi 98. Hapo prosesa hii hujipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Tukafungua boksi: vumbi limejaa mpaka feni inakohoa, na grisi ya kupitisha joto imekauka kama udongo wa kiangazi. Na binamu alikuwa ameongeza volti! Joto la prosesa hupanda kwa spidi, na kwa volti mara volti. Tuseme umetoka 3.3 kwa volti 1.2 ukaenda 4.5 kwa volti 1.35: umeongeza joto kwa asilimia 70 hivi. Feni ile ile, vumbi lile lile.

Nne, umeme. Jioni, mashine ikiwa kazini, waya wa njano wa pawasaplai ulisoma volti 11.2. Unatakiwa kuwa 12, na ukishuka chini ya 11.4 umetoka nje ya kiwango. Sasa prosesa ina kosa gani hapo?

Najua mtasema: si abaki na 3.3 yake? Sikubali. Asiye na fedha ya mashine mpya ana haki ya kukamua aliyonayo. Lakini tuache utumwa wa namba za watu. Kiwanda kinaahidi ile iliyoandikwa tu. Juu ya hapo prosesa mbili za aina moja zinaweza kutofautiana. Ile 4.5 ni ya mtu mwingine, mwenye feni yake, umeme wake na baridi yake.

Tulisafisha kwa brashi ya rangi, tukapaka grisi mpya, tukabadilisha pawasaplai, tukarudisha kizidisho chini na kupanda ngazi moja moja, kila ngazi saa nzima ya kazi nzito. Ikasimama 4.2, joto likabaki chini ya 80. Haikufika 4.5, na harusi zilitoka kwa wakati.

Prosesa "feki" bado inafanya kazi mpaka leo. Wangapi mmeshatupa vitu vizima kwa neno la mtu asiye na hata maltimita? Kuanzia leo mwulize fundi swali moja kabla hujafungua pochi: umepima nini, na umepata ngapi? Akibabaika, mpe pole, beba boksi lako, ondoka.

Nawasilisha. Mafundi mnaopima, msinikasirikie, hamkuwa ninyi.