Padre Laurence Alihubiri Vizuri, Lakini Makaburini



Kisa cha Romeo na Juliet wengi wetu tunakijua. Vijana wawili wa Verona, Italia, wanapendana ilhali koo zao zinauana. Wanafunga ndoa kwa siri, na siku chache baadaye wote wawili wamelala kaburini. Shakespeare aliandika tamthilia hiyo katika miaka ya 1590, na watunzi wa muziki hawajaiacha mpaka leo. Muhula huu nimesikiliza kazi zao kadhaa. Wengine huwasikiliza wapenzi. Mimi, kwa kuwa ni mseminari, nilikuwa namtafuta padre.

Maana padre yumo. Ni Laurence, Mfransisko, ndiye aliyewafungisha ndoa ile ya siri akitumaini kwamba itageuza uhasama wa koo mbili kuwa udugu. Mambo yalipoharibika, alimpa Juliet dawa ya kumlaza usingizi kama mfu. Na usiku ule wa mwisho, aliposikia walinzi wanakaribia, aliogopa akakimbia, akamwacha msichana peke yake kaburini kando ya maiti ya mumewe.

Watunzi wamemfanyia nini padre huyu? Bellini, katika opera yake ya mwaka 1830, alimwondoa kabisa: Lorenzo wake ni tabibu. Katika West Side Story, iliyoonyeshwa New York mwaka 1957 kwa muziki wa Leonard Bernstein, padre hayupo pia. Tony na Maria wanaigiza ndoa yao ndani ya duka la nguo za harusi, na wanaowazunguka ni masanamu ya kuvalishia nguo. Kila nikiiwazia picha hiyo nahuzunika. Vijana wanaweka ahadi kubwa kuliko zote, na hakuna mtu mzima hata mmoja wa kuisikia.

Gounod, ambaye mwaka 1847 alianza masomo ya teolojia Saint-Sulpice, Paris, akifikiria upadre, alimrudisha padre. Katika opera yake ya mwaka 1867 tunaiona ndoa yenyewe ikifungwa, kwa sala nzuri sana. Lakini mwishoni wapenzi wanakufa wakimwomba Mungu msamaha, na pazia linashuka. Hatuoni wazazi wakipatana.

Aliyempa padre heshima kubwa kuliko wote ni Berlioz. Katika simfoni yake ya mwaka 1839, Romeo na Juliet hawaimbi kabisa. Mapenzi yao yanasemwa na vyombo. Padre Laurence anaimba, tena kwa sauti nzito ya besi. Koo mbili zinafika makaburini, zinaanza kugombana tena juu ya maiti za watoto wao, naye anasimama katikati, anaeleza yote, anawakemea, kisha anawaapisha mbele ya msalaba kwamba watakuwa marafiki. Ni mahubiri makubwa. Mara ya kwanza nilipoyasikiliza nilisema: hivi ndivyo padre anavyopaswa kuwa.

Mara ya pili nikajiuliza: maneno haya yalikuwa wapi siku zote? Alizijua koo zote mbili. Kumbe sauti anayo, na ujasiri wa kusimama katikati ya wagomvi anao. Kwa nini vijana wafe kwanza ndipo avitumie?

Wapo watakaomtetea kwamba nia yake ilikuwa njema. Ni kweli. Lakini Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kuwa nia njema peke yake haitoshi kulifanya tendo kuwa jema. Ndoa iliyokusudiwa kupatanisha koo mbili itazipatanishaje ikiwa koo zenyewe hazina habari? Kanisa lilizijua hatari za siri ya namna hiyo. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza ndoa itangazwe kwanza kanisani, kisha ifungwe mbele ya padre na mashahidi. Matangazo tunayoyasikia Jumapili kabla ya baraka ya mwisho yana maana kuliko tunavyodhani.

Simhukumu Padre Laurence kwa mbali. Likizo iliyopita nilikuwa parokiani, na binti mmoja wa kwaya alinifuata baada ya Misa. Alikuwa na mchumba, lakini baba zao walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Aliniomba jambo moja tu: “Frateri, twende ukazungumze na baba.” Nilimjibu kwamba nitawaombea. Niliomba kweli, lakini kwa baba yake sikwenda. Niliogopa kuonekana kijana anayewafundisha wazee. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Ila binti alihama kijiji bila kuaga, na wale wazee wawili bado wanakaa pande mbili tofauti za kanisa.

Nilichojifunza ni hiki. Kuhubiri upatanisho msibani ni rahisi, kwa kuwa watu wamekwisha kulainika kwa machozi. Kazi ngumu ni kwenda kuketi sebuleni kwa mzee mwenye hasira wakati bado hakuna jeneza, ukajua huenda usikaribishwe hata chai. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nanyi wanajumuiya, msitusubiri sisi tu. Mnazijua familia zisizosalimiana kabla paroko hajazijua. Msisubiri zikutane makaburini.

Mimi likizo ijayo narudi parokia ileile. Safari hii nitaanzia kwa baba yake yule binti.