Siku 45 za Mfanyakazi wa Serikali

Taarifa hii haihusu michango wala maandalizi ya mkutano mkuu. Hayo yatakuja kwa wakati wake. Inahusu kazi zinazotulisha hapa ugenini. Tawi letu lina wanachama kuanzia Maryland hadi Virginia ambao mishahara yao, kwa njia moja au nyingine, inatoka serikalini. Wapo wanaopanga barua usiku Posta, wapo wauguzi wasaidizi, wapo madereva wa mabasi ya shule za kaunti, wapo walinzi na wasafishaji wa majengo ya wizara. Ndugu zetu waliokwishachukua uraia wa hapa, ambao kwa mujibu wa sheria za nyumbani si wanachama tena lakini bado tunazikana nao, wamejaa kwenye ofisi za serikali kuu. Tunaomba taarifa hii iwafikie na wao.

Jambo lenyewe ni hili. Mfanyakazi wa serikali kuu ya Marekani, Posta ikiwemo, anayeamini amebaguliwa kazini ana siku 45 tu za kuanza kulalamika. Siku hizo zikipita, lalamiko kwa kawaida hutupwa hata kama ushahidi umejaa ndoo.

Ndugu mmoja ameturuhusu tueleze yaliyompata, bila jina na bila kutaja ofisi. Ana miaka tisa kazini. Aliomba nafasi ya usimamizi, ikaenda kwa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, na bosi akamwambia mbele ya mwenzake kwamba kwa lafudhi yake simu za wateja zingekuwa shida. Kwa sheria za hapa lafudhi inahesabiwa pamoja na asili ya mtu, na mwajiri hawezi kuitumia dhidi yako isipokuwa kweli inazuia kazi kufanyika. Kwa hiyo alikuwa na hoja. Akafanya kama wengi wetu tungefanya: akasubiri hasira ipoe. Kisha akaandika barua ya heshima kwa mkuu wa kitengo, akajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Katikati ukatokea msiba nyumbani, akasafiri wiki tatu. Siku aliyompigia simu mshauri wa usawa wa ofisi yake ilikuwa ya 63. Lalamiko likafungwa kwa sababu ya tarehe peke yake. Hakuna aliyesema hakubaguliwa, kwa kuwa hakuna aliyefika kwenye swali hilo.

Sasa tuhesabu, maana hapa ndipo watu wanapoteleza. Siku 45 ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Siku ya tukio haihesabiwi; unaanza kesho yake. Ukipewa barua ya kunyimwa cheo tarehe 3 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 4 Machi na ya 45 ni tarehe 17 Aprili. Ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya serikali, unasogezewa hadi siku ya kazi inayofuata. Sisi tuliosomea uhasibu tunazijua hesabu za namna hii kutokana na madeni: mteja hulalamika kwamba alidhani mwezi bado, lakini leja haidhani.

Saa inaanza kugonga lini? Inaanza siku jambo lilipotendeka, au, kwa hatua za kiutumishi kama uhamisho na kushushwa cheo, siku hatua ilipoanza kutumika. Kama hukujua wakati ule, huhesabiwa pale ulipoanza kuwa na sababu ya msingi ya kushuku. Ni kushuku, si kuthibitisha. Anayesubiri hadi apate barua pepe ya siri au shahidi wa tatu amekwisha kula siku zake mwenyewe. Na kila tukio lina saa yake: kunyimwa cheo Januari na kunyimwa mafunzo Aprili ni mambo mawili, la pili halilifufui la kwanza. Manyanyaso ya kila siku, matusi, dhihaka za dini au rangi, yanatazamwa tofauti kidogo. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2002, katika kesi ya Morgan dhidi ya shirika la reli, kwamba tendo moja la manyanyaso likiwa ndani ya muda, yaliyotangulia katika mlolongo huohuo yanaweza kuingia pamoja nalo.

Mshahara nao una utaratibu wake, na tunautaja kwa sababu wanawake wa tawi wameuliza. Lilly Ledbetter wa Alabama aligundua mwishoni mwa utumishi wake kwamba alilipwa chini ya wanaume wa kazi ileile kwa miaka mingi. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ikamwambia amechelewa. Bunge la hapa likabadilisha sheria, ikasainiwa Januari 2009, na sasa kila malipo yenye ubaguzi ndani yake yanafungua muda upya, hata kwa wafanyakazi wa serikali kuu. Kwa hiyo tunzeni hati za mshahara, msizitupe na bahasha.

Yapo mambo ambayo watu hudhani yanasimamisha saa, na hayasimamishi. Kuzungumza na bosi hakusimamishi. Kuandika kwa mkuu wa bosi au kuahidiwa kikao cha maridhiano hakusimamishi. Kwenda ofisi ya rasilimali watu pekee si kitu cha kutegemea. Malalamiko kupitia chama cha wafanyakazi nayo hayasimamishi. Wafanyakazi wa Posta wanaweza kwenda njia zote mbili kwa pamoja, ya chama cha wafanyakazi na ya ubaguzi. Katika idara nyingine, pale mkataba wa chama cha wafanyakazi unaporuhusu kulalamikia ubaguzi, mtu hulazimika kuchagua njia moja, na lile andiko rasmi la kwanza ndilo chaguo lake. Lakini kumpigia tu mshauri hakuhesabiki kuwa umechagua. Pigeni simu kwanza, mengine baadaye.

Na huyo mshauri ni nani? Ni mtu wa idara yako mwenyewe. Simu yake iko kwenye lile bango lenye herufi EEO karibu na mashine ya kugongea saa au kwenye chumba cha chakula, ambalo wote tunalipita tukitafuta maikrowevu. Tume ya Usawa katika Ajira, ile EEOC, siyo mlango wa kwanza kwa mfanyakazi wa serikali kuu. Huhitaji wakili na hulipi kitu. Katika hatua hii ya ushauri una haki ya kuomba jina lako lisitajwe.

Kwa wanachama walioajiriwa na jimbo, kaunti, au kampuni binafsi, hesabu ni nyingine kabisa. Hao wanapeleka lalamiko moja kwa moja EEOC, na muda wao ni siku 180, ambazo huongezeka hadi 300 mahali penye chombo cha jimbo au cha mji kinachosimamia sheria ya namna hiyo, kama ilivyo kwetu huku. Bado tunashauri mjipangie 180. Mlinzi au msafishaji anayefanya kazi ndani ya jengo la serikali kuu lakini analipwa na kampuni ya zabuni yuko kwenye kundi hili, ila pale ambapo idara ndiyo inayompangia zamu na kumwamuru kila kitu, anaweza kuonekana mfanyakazi wa wote wawili. Huyo asibahatishe, aende na siku 45.

Hapa Tawi lina neno la kusema. Haki ya mfanyakazi wa serikali kuu kulindwa dhidi ya ubaguzi imo katika Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyopanuliwa mwaka 1972 ili impate na yeye. Lakini namba 45 haikuandikwa na Bunge ndani ya sheria hiyo. Ni kanuni iliyowekwa na Tume yenyewe, ikaanza kutumika Oktoba 1992, na kabla ya hapo ilikuwa siku 30. Hoja yake tunaielewa: jambo likisemwa mapema, mashahidi bado wanakumbuka na linaweza kumalizwa ofisini. Hata hivyo hatuoni kwa nini mfanyakazi wa kiwanda apewe siku 180 na wa serikali apewe robo ya hizo, wakati mwajiri wa huyu wa pili ndiye mtunga kanuni. Wafanyakazi wa Bunge lenyewe, walio chini ya sheria yao ya mwaka 1995, wana siku 180. Kama siku 180 haziharibu kumbukumbu za mashahidi bungeni, haziwezi kuziharibu Posta.

Sisi si chama cha siasa cha nchi hii na hatuna kura hapa. Lakini wanachama wetu wanalipa ada katika vyama vya wafanyakazi, na huko wana sauti. Kanuni inaweza kubadilishwa bila kusubiri Bunge. Tunawaomba walisimamishe jambo hili kwenye mikutano yao ya kazini. Kwa kulinganisha tu, nyumbani kanuni za CMA za mwaka 2007 zinatoa siku 30 kwa kuachishwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine, kwa hiyo na kule tusijisifu sana.

Aliyekwisha kuchelewa asikate tamaa kabla hajasoma hili. Muda huongezwa ukionyesha kwamba hukujulishwa ukomo huo na hukuujua kwa njia nyingine, au hukujua na hukuwa na namna ya kujua kwamba ubaguzi umetokea, au mambo yaliyo nje ya uwezo wako yalikuzuia ingawa ulijitahidi. Ila kama bango lipo ukutani, kusema hukujua ni vigumu kukubalika. Waliovuka miaka 40 na wanalalamikia ubaguzi wa umri wana njia ya pembeni: ndani ya siku 180 wanaweza kuijulisha EEOC kwa maandishi kwamba wanakusudia kushtaki, wakasubiri siku 30, kisha wakaenda mahakamani.

Baada ya simu ya kwanza kuna mtego wa pili, mdogo na mkali zaidi. Ushauri huchukua siku 30, au hadi 90 mkikubaliana kuongeza au mkienda kwenye usuluhishi. Usipozaa matunda, unapewa notisi, na kuanzia siku unayoipokea una siku 15 za kuandika lalamiko rasmi. Idara ina siku 180 za kuchunguza. Ukipewa ripoti, una siku 30 za kuomba kusikilizwa na jaji wa utawala au uamuzi wa idara. Watu wetu huhama nyumba kama mchezo. Notisi ya siku 15 ikitua kwa mpangaji mpya mliyemwachia kitanda, balaa inaanza. Andikeni anwani mpya kwa mshauri siku ileile mnapohama.

Tunajua kinachowazuia wengi si kutojua, ni woga. Mtu anasema ataonekana mkorofi, zamu zitapunguzwa, makaratasi yake yataguswa. Kulipiziwa kisasi kwa sababu umelalamika ni kosa linalojitegemea, na lina siku zake 45 mpya. Wazee wetu wanaposema tuvute subira tunawaheshimu, na tunawaomba wavute subira hiyo simu ikiwa imekwisha kupigwa.

Kuanzia wiki hii Mweka Hazina na Katibu watapokea taarifa za wanachama kwa faragha, si kwenye kundi hili. Tutakachouliza kwanza ni tarehe ya tukio na nani analipa mshahara. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kabla ya ajenda nyingine, kila mwenye ajira ya serikali aje na picha ya bango la ofisini kwake ili tukusanye namba za washauri mahali pamoja. Wa zamu za usiku watume picha kwa Katibu kabla ya Ijumaa.

Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Uongozi.