Msituambie tusubiri studio

Vijana wenzetu, tumechoka kuambiwa eti bila studio na biti hakuna albamu. Mwaka 2010 Klara Söderberg na dada yake Johanna, bendi ya First Aid Kit ya Uswidi, walitoa albamu yao ya kwanza, The Big Black & the Blue. Klara alikuwa na miaka 17 tu, na prodyuza alikuwa baba yao! Utamu wake uko wapi? Sauti mbili, moja juu moja chini, na gitaa.

Sawa, wao wana umeme. Lakini sauti ya kwanza na ya pili zinapangwa kwa masikio. Kwaya zetu hapa kambini zinajua hilo.

Sasa kwa nini ukumbi ufungwe mpaka vyombo vifike? Tufungulieni. Vyombo vitatukuta tunaimba.