Kimbunga kiko baharini, lakini taarifa yake ni ya shambani pia

Ndugu mkulima, nawe mfanyabiashara wa mazao, kila redio inapotangaza kimbunga kwenye Bahari ya Hindi nasikia maneno mawili vijijini. La kwanza: "Hayo ni ya watu wa Pwani." La pili: "Wamejuaje upepo wa huko na hakuna mtu anayekaa katikati ya bahari?" Hilo la kwanza silikubali. La pili ni swali zuri, tuanze nalo.

Setilaiti haiuoni upepo, inauona uso wa maji. Tazama bwawa la samaki asubuhi: upepo usipokuwepo maji yametulia kama kioo, ukipita yanajaa viwimbi vidogo. Setilaiti yenye rada hutuma mawimbi ya redio baharini kwa mshazari. Maji tulivu huyarusha mbali, kama kioo kinavyorusha mwanga wa tochi. Maji yenye viwimbi hurudisha sehemu ya mawimbi hayo kwenye setilaiti, na kiasi kinachorudi ndicho kinachoonyesha nguvu ya upepo. Wakipima sehemu ile ile kutoka pande kadhaa, wanapata na mwelekeo. Setilaiti za Ulaya ziitwazo MetOp zinafanya kazi hiyo tangu 2006. Mvua kubwa na upepo mkali mno huvisumbua vipimo hivi, ndiyo maana mwaka 2016 Marekani ilirusha setilaiti ndogo 8, CYGNSS, za kusoma mawimbi ya GPS (yale yale yanayoiambia simu yako uko wapi) yakishadunda baharini.

Kule Atlantiki Wamarekani hupeleka hata ndege ndani ya kimbunga. Upande wetu hakuna utaratibu huo, kwa hiyo kituo cha kisiwa cha Réunion na Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa, TMA, hutegemea sana setilaiti. Hidaya ilifuatiliwa hivyo kabla haijafika Mafia Mei 2024, na vyombo vya Dar na Unguja vikasimama mapema. Aliyekuwa na magunia yanayosubiri kuvuka kwenda Unguja alihusika, hata kama yeye mwenyewe yuko Kasulu.

Sasa shamba. Kimbunga huvuta hewa kutoka mbali. Kikikaa mashariki ya Madagaska kinaweza kuchangia upepo wa magharibi, unaobeba unyevu wa Kongo na kupita juu yetu. Machi 2018 kulikuwa na Dumazile na Eliakim upande huo, na Afrika Mashariki ikapata mvua kubwa. Machi 2019 Idai ilikuwa kwenye Mlango wa Msumbiji ikielekea Beira. Unyevu ukavutwa huko, na masika ikachelewa sehemu nyingi za ukanda wetu. Mwezi ule ule, bahari ile ile, matokeo kinyume. Kwa hiyo usisikilize jina la kimbunga tu, sikiliza kipo upande gani.

Kumbuka pia kwamba TMA huiweka Kibondo, pamoja na Kakonko, kwenye maeneo ya vuli na masika, na Kasulu kwenye mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Jirani wa Kasulu akikusomea utabiri wake, huenda si wako wewe wa Kibondo.

Ushauri wangu: ukisikia Machi kimbunga kiko Mlango wa Msumbiji, usikimbilie kumwaga mbegu ya kununua kwenye mvua ya kwanza. Chimba kwa jembe uone kama unyevu umeshuka zaidi ya kiganja, kisha sikiliza taarifa ya siku zinazofuata. Ukisikia kiko mashariki ya Madagaska, andaa turubai na usiache mahindi wala maharage uani usiku. Mfanyabiashara, wiki hiyo ng'ata punje kabla ya kulipa. Punje inayobonyea bado ina maji, na ukiifunga kwenye gunia unakaribisha ukungu na sumukuvu. Mara nyingine hakitatokea chochote. Turubai halitakuwa limekula hasara.

Kinachonikera ni zile picha za WhatsApp zenye mishale myekundu inayoleta kimbunga hadi Kigoma. Rada niliyoieleza inasoma viwimbi vya bahari. Juu ya milima ya Heru Juu hakuna viwimbi vya kusoma, kuna migomba na mabati. Tena kimbunga kikishaacha maji ya moto ya bahari hupungua nguvu haraka. Anayekutumia picha hiyo muulize imetoka TMA au wapi, na wewe usiisambaze.

Lakini hata TMA haiwezi kukuambia mvua iliyonyesha kwenye shamba lako jana. Hiyo pima mwenyewe: kopo lenye mdomo na kitako vya upana mmoja, mbali na miti na paa, rula ya shule, kila siku saa 3 asubuhi, andika milimita kwenye daftari kisha mwaga maji. Mtu mmoja kila kitongoji anatosha. Nileteeni daftari hizo nikipita, nataka tuzilinganishe na taarifa za vimbunga vya msimu huu.