Vua Kofia ya Saa Kwanza

BARAZANI
Na Mwanakombo Faki

Dalali akianza kukusimulia saa badala ya kukufungulia, jua bei imeshapanda. Atakwambia ilikuwa ya bwana fulani mwenye shamba kubwa, ikakaa ukumbini kwake miaka na miaka, haikusimama ila siku aliyofariki mwenyewe. Kisa cha saa kufa pamoja na bwana wake kilienezwa na wimbo wa Mmarekani Henry Clay Work wa mwaka 1876, na tangu hapo kila saa ndefu ya mtumba huko Uingereza imepata marehemu wake. Rai yangu ni kwamba marehemu huyo asilipiwe hata senti moja. Saa ya kabati, ile inayosimama sakafuni kwa kimo cha mtu mrefu, pendulamu ikining'inia ndani, ni vitu vitatu vinavyouzwa kwa bei moja: mashine, uso na kabati. Cha kuuliza ni kama vitatu hivyo vimekuwa pamoja tangu mwanzo, au vimekutanishwa dukani.

Nimelifikiria jambo hili wiki hii kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu anayeishi Leicester. Amenitumia picha tele za saa aliyoipenda, zote za uso: maua, ndege, tarakimu za Kirumi, jina la fundi na mji wake. "Shangazi, wanasema ya mwaka 1740, wanataka pauni 900. Ninunue?" Nikamjibu anitumie picha za mgongo.

Ila hata uso peke yake ulikuwa umeshasema. Ulikuwa mweupe, wa chuma kilichopakwa rangi. Saa za Kiingereza za mwaka 1740 zilikuwa na nyuso za shaba iliyochongwa. Nyuso nyeupe zilianza kutangazwa Birmingham mwaka 1772 na washirika wawili, Osborne na Wilson, na kwa kuwa zilisomeka vizuri hata kwa mwanga wa mshumaa, haukupita muda mrefu shaba ikawa imepitwa. Kwa hiyo ama aliyeandika 1740 hajui kazi yake, ama uso huo ulibandikwa baadaye kwenye mashine ya zamani zaidi. Kwa vyovyote, pauni 900 imeshaanza kuyeyuka.

Na lile jina usoni? Katika zama za nyuso nyeupe, mwenye jina mara nyingi ni muuzaji. Alinunua mashine kwa watengenezaji wa jumla, uso akauagiza Birmingham, kabati akampa seremala wa mjini kwao, kisha akaandikisha jina lake juu ya vyote. Huo si udanganyifu, ndivyo biashara ilivyokuwa. Jina lina faida kwa kuwa linakupa mji na miaka ya kulinganisha. Kitabu cha Baillie kilichotoka mwaka 1929 kina maelfu ya majina ya mafundi, na wako waliokiendeleza baada yake. Jina likiwa kubwa mno, hapo ndipo pa kuongeza tahadhari. Thomas Tompion, aliyefariki mwaka 1713 na kuzikwa Westminster Abbey, alianza kuigwa jina lake zamani sana. Saa yake halali huuzwa kwa mamia ya maelfu ya pauni. Haiwezi kuwa imeegemea ukuta wa duka la mtumba, kati ya kabati la vyombo na baiskeli ya mtoto, ikikungojea wewe.

Sasa vua kofia. Sehemu ya juu ya kabati, yenye kioo kinachofunika uso, katika saa nyingi huvutwa mbele kwa mikono miwili ikatoka nzima. Muuzaji akikataza, aga uende zako. Kofia ikitoka utaiona mashine imekalia ubao, na ubao huo umelala juu ya mbao mbili za ubavuni zinazopanda kutoka ndani ya kabati. Hapo pana habari kuliko usoni. Ncha za mbao hizo zikiwa zimekatwa kwa msumeno, au zimeinuliwa kwa vipande vya mbao ngeni ili mashine ifike kimo cha kioo, basi mashine hiyo ni mgeni katika nyumba hiyo. Irudishe kofia, kisha utazame ukingo wa uso dhidi ya fremu yake. Ukiona upenyo wa mwanga pembeni, au fremu imefunika nusu ya maua ya kona, uso haukutengenezewa kofia hiyo.

Halafu mwombe akuletee tochi, uchungulie nyuma ya uso. Uso hushikizwa kwenye bamba la mbele la mashine kwa vijiti vya shaba, vitatu au vinne. Matundu yasiyo na kazi kwenye bamba hilo ni alama kwamba uso mwingine uliwahi kukaa pale. Nyuso nyeupe nyingi zina bamba jingine la chuma katikati, lililowekwa makusudi ili iwe rahisi kuufunga uso kwenye mashine, na mara nyingi lina jina la aliyetengeneza uso. Likiwapo, usilichukulie vibaya. Lakini likiwapo na matundu ya ziada juu yake, uliza maswali.

Picha ya mgongo ilipofika kutoka Leicester, matundu matupu yalikuwa manne. Yalionekana wazi, mawili juu na mawili chini, yamejaa uchafu mweusi wa mafuta ya zamani.

Wauzaji wa Kiingereza huita hali hiyo ndoa, yaani mashine ya huku imeozwa kabati la kule. Mimi siichukii. Nyingi zilifungwa zamani, kabati lilipooza au mashine ilipochakaa, na saa ikaendelea kumtumikia mtu asiye na uwezo wa kununua mpya. Kosa si ndoa, kosa ni mahari. Saa ya namna hiyo ikiuzwa kwa bei ya saa iliyo kamili, mnunuzi ameibiwa, hata kama inapiga kengele kwa sauti ya kutoa machozi.

Kabati nalo likaguliwe chini. Nyumba za mashambani Uingereza zilikuwa na dari za chini na sakafu za mawe zilizooshwa kwa maji kila mara, kwa hiyo miguu ilioza na vichwa vilikatwa. Kitako kifupi kinacholifanya kabati lionekane limepiga magoti kimepunguzwa. Ndani ya mlango tafuta mikwaruzo iliyoachwa na vizito vya risasi vilivyopanda na kushuka kwa vizazi. Kama mikwaruzo haiendani na mahali vizito vinaponing'inia sasa, rudi kwenye swali la ndoa. Matundu madogo ya wadudu wabunguao mbao si msiba yakiwa ya zamani. Yanayomwaga unga mpya ndiyo ya kukimbiwa, maana unawapeleka wageni hao kwenye kitanda chako.

Juu ya mashine nitasema machache, fundi atasema mengine. Uso wenye matundu mawili ya ufunguo kwa kawaida ni wa saa ya siku nane, ambayo huuzwa ghali zaidi kuliko ile ya saa thelathini inayovutwa kwa mnyororo au kamba kila siku. Ila tia ufunguo kwa mkono wako mwenyewe. Ziko saa za mnyororo zilizochorewa matundu ya uongo usoni, jirani akiingia aone mwenye nyumba ana saa ya siku nane! Matundu matatu mara nyingi ni dalili ya saa ya karne ya 20, yenye kupiga mlio wa kengele za Westminster kila robo saa, nyingi zikiwa na mashine ya Kijerumani. Hizo ni nzuri, lakini si kale. Kama nyuma kuna betri, pendulamu ni pambo tu.

Usitishike na saa iliyosimama. Pengine imewekwa upande, mapigo yake hayalingani, na kipande cha mbao chembamba chini ya mguu kinatosha kuiamsha. Wala usivutwe na inayotembea, kwani saa hizi zina nguvu ya ajabu ya kujikokota huku matundu ya shaba yanayoshika ekseli yamelika yakawa kama yai. Mshike fundi mkono umpeleke akaitazame, umlipe siku yake. Ni rahisi kuliko kugundua baadaye.

Tukija kwenye pesa, wengi bado wanaota bei za miaka ya 1980. Tangu mwanzoni mwa karne hii fanicha za kale za mbao nyeusi zimeporomoka bei Uingereza. Vijana wana nyumba ndogo na hawataki kabati linalopiga kengele usiku. Saa ya kawaida ya mwaloni yenye uso mweupe sasa hupatikana mnadani kwa pauni mia chache. Juu yake kuna ada ya mnada, ambayo mara nyingi hufika robo ya bei: nyundo ikigonga kwenye 300, wewe unatoa 375, na hapo fundi hujamlipa. Ukarabati kamili wa mashine nao ni mamia ya pauni, kwa hiyo usishangae ukipita bei ya saa yenyewe. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: nunua ya kukaa nayo, usinunue ya kuja kuuza. Kijana wangu nikamwekea kikomo cha pauni 200, kofia ikiwa nzima na muuzaji akiwa amekiri matundu. Alinuna kidogo. Nimemwacha anune.

Sisi wa pwani tuna maradhi ya saa tangu zamani. Bibi Salme, binti wa Sultani, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anaeleza vyumba vya Unguja vilivyopambwa kwa vioo na saa. Kwa hiyo siwalaumu wanaotaka kuzileta Dar es Salaam au Mombasa. Ila wachague mwaloni mzima kuliko mbao iliyobandikwa vinia, kwani gundi ya ngozi ya wanyama waliyotumia mafundi wa zamani hulegea kwenye unyevu wetu, na mchwa wetu hawana adabu. Vizito na pendulamu vitolewe kabla kabati halijainuliwa. Utepe mwembamba wa chuma unaoishika pendulamu hukatika kwa mtikisiko mmoja tu wa lori.

Na ikifika, itachelewa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer aliipeleka saa ya pendulamu Cayenne, karibu na ikweta, akaikuta inapoteza kama dakika mbili na nusu kwa siku, kwa sababu uvutano wa dunia huku ni hafifu kidogo kuliko kaskazini. Saa iliyorekebishwa London itapoteza zaidi ya dakika mbili kila siku Dar es Salaam. Chini ya pendulamu kuna nati ndogo. Izungushe upandishe kisahani cha pendulamu kama milimita tatu, usikilize siku mbili tatu, uongeze au upunguze kidogo. Fundi akikwambia kuchelewa huko ni ugonjwa wa mashine nzima na lazima aifumue, chukua saa yako urudi nayo nyumbani.