Ngazi ya mlangoni: tusiwapelekee wazazi wetu marumaru za kuteleza

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kusoma habari za presha, kisukari na homa za safari. Leo naomba niongelee ngazi. Ndiyo, ngazi ya zege ya mlango wa mbele, ile unayoikanyaga kila siku ukiingia na kutoka. Najua wapo watakaosema hiyo ni kazi ya fundi na si ya daktari, lakini mimi ngazi ilinifikisha wodini, tena kwa simu, nikiwa nimekaa hapa hapa Xiaobei.

Miaka michache iliyopita nilimaliza kumjengea mama nyumba kule Tanga. Kama wengi wetu, nilichukua nafasi kwenye kontena la watu kadhaa nikapakia milango, mabomba na marumaru kutoka Foshan, hapo jirani tu. Nilichagua zile zinazong'aa mpaka unaweza kujitazama ukichana nywele. Sebule ilipokwisha yakabaki maboksi manne, fundi akaniuliza ayafanyie nini. Nikamwambia amalizie kwenye ngazi za mbele, isiwe hasara. Maneno hayo ni yangu, sina wa kumsingizia.

Asubuhi moja ya masika mama alitoka na kandambili zake kwenda kuita muuza maziwa. Ngazi ilikuwa imelowa. Hakufika chini kwa miguu.

Majirani, kwa nia njema kabisa, walidhani ameteguka. Akakandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa mafuta siku mbili, akilia. Siku ya tatu ndipo alipopelekwa hospitali, picha ikaonyesha nyonga imevunjika. Hapa ndugu zangu naomba mnisikilize vizuri: mzee akianguka, akashindwa kusimama, na mguu mmoja ukaonekana mfupi kuliko mwingine na umegeukia nje, hiyo si ya kuchua. Asivutwe mguu, asilazimishwe kutembea. Alazwe kwenye kitu kigumu kama ubao au godoro imara, mguu ushikizwe usichezecheze, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Madaktari hupenda kufanya upasuaji wa nyonga mapema, ndani ya siku moja au mbili ikiwezekana, kwa sababu mzee anayelala muda mrefu hupata vidonda vya mgongoni, homa ya mapafu na damu kuganda kwenye mishipa ya mguu. Mara nyingi hayo ndiyo yanayoua, mfupa wenyewe unaweza kutengenezwa.

Na si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilikadiria kuwa watu 684,000 hufa duniani kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 wako nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Wenye umri wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Akina mama wakishakoma hedhi mifupa yao hupungua uimara haraka, kwa hiyo kuanguka ambako wewe ungeinuka ukicheka, kwao ni upasuaji.

Basi maoni yangu ni haya: ngazi ya mbele si mahali pa kuonyesha kwamba mtoto yuko China. Iwe zege tupu, lililokwaruzwa. Nimeshaambiwa na rafiki zangu kwamba itafanana na godauni. Sawa, ifanane. Wazee wetu wa pwani walijenga baraza za mawe na chokaa mbele ya nyumba, watu wakakaa, wakapunga upepo, mvua ikifurika Mji Mkongwe wapita njia wakapanda juu yake kukwepa maji, na sijasikia mtu akisema zinaaibisha.

Mteleko ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni vipimo. Mguu wa binadamu una kumbukumbu: ukishapanda ngazi ya kwanza, unategemea ya pili iwe sawa. Ikizidi kwa sentimita moja au mbili tu, unajikwaa. Na kosa hili hutokea hivi: fundi anajenga ngazi zilizo sawa, halafu baadaye kibaraza kinawekwa udongo wa saruji na marumaru, kinapanda sentimita 3 au 4. Ngazi ya mwisho inakuwa ndefu kuliko wenzake, na hakuna anayeiona mpaka mtu aanguke. Kwa hiyo pima kuanzia ardhi iliyokwisha kusawazishwa mpaka sakafu iliyokwisha kumalizwa, marumaru zikiwemo, ndipo ugawe. Kama ni sentimita 48, gawa mara tatu, kila kimo 16. Kimo cha 15 mpaka 17 kinawafaa wazee, na sehemu ya kukanyaga isipungue 30 ili unyayo wote ukae.

Mwambie fundi ashindilie kifusi vizuri kabla ya kumwaga, maana ngazi iliyokaa juu ya udongo laini hutitia, ikajitenga na nyumba na kuacha ufa wa kunasa kidole. Zege la saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne linatosha. Juu lisipigwe niru. Likianza kukaza, lipitishwe ufagio wa chelewa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ile mistari ndiyo itakayoshika kandambili. Kila ngazi ilale kidogo kuelekea nje, kama nusu sentimita hivi, maji yasituame yakaota ukungu wa kijani. Halafu limwagiliwe maji siku saba. Mafundi wengi huacha siku ya pili, juu likawa vumbi na kingo zikamomonyoka. Kingo zipakwe rangi nyeupe au ya njano kwa ajili ya macho yenye mtoto wa jicho, na pembeni liwekwe bomba la kushikia. Bomba hilo lichimbiwe siku ya kumwaga zege, usisubiri mpaka mtu avunjike kama mimi. (Fundi naye avae viatu na glovu. Saruji mbichi inaunguza ngozi.)

Na kama roho haitulii bila marumaru, basi ukiwa Foshan mwambie muuzaji neno moja, fanghua, yaani zisizoteleza, na uulize kama ni daraja la R11. Wanazo. Zimwagie maji hapo hapo dukani uzikanyage. Watakushangaa, waache.

Sisi tuliopanga hapa mjini nasi hatujasalimika. Kwenye hivi vijiji vya katikati ya jiji, kama Dengfeng, wenye nyumba huinua kizingiti cha mlango wa chini kuzuia maji ya mvua yasiingie, sawa na vizingiti virefu vya nyumba zao za zamani. Ni ngazi moja tu, ndefu, kwenye uchochoro usio na mwanga, na ngazi moja ni hatari kwa sababu jicho haliitarajii. Ongeza na ule unyevu wa mwezi wa tatu wanaouita huinantian, ukuta na sakafu vinatoka jasho. Kwetu kizingiti kilikuwa sentimita 26. Dada mmoja jirani, mjamzito wa miezi saba, alianguka na mzigo wa sampuli mkononi. Alhamdulillah mtoto alikuwa salama. Tukamfuata mwenye nyumba, akakubali tuongeze ngazi ya nusu, sentimita 13, upana mita moja. Haikumaliza hata nusu ya mfuko wa saruji wa kilo 50. Lakini ombeni ruhusa kwanza, nyumba si yenu na uchochoro ni wa watu wote. Na mtu akianguka vibaya hapa, gari la wagonjwa ni 120.

Mama sasa anatembea kwa fimbo. Marumaru za ngazi zilibomolewa zote, likamwagwa zege jipya, na bomba likawekwa upande wa kulia. Nilipompigia juzi nikamuuliza kama analitumia. Akasema analitumia sana, linafaa kuanikia kanga.

Mdau wenu, Guangzhou