Makadirio Yakikosea, Nani Alipe?

Mhandisi ajengaye daraja hajui kwa hakika uzito utakaopita juu yake miaka mingi ijayo. Kwa hivyo hulijenga liweze kuhimili zaidi ya anavyotarajia. Ziada hiyo si woga, bali ni kukiri kwamba makadirio si hakika.

Shaka ya fedha, hata hivyo, haizibwi kwa saruji. Barabara ya Nairobi Expressway, itokayo Mlolongo na kupita katikati ya jiji hadi Westlands, ilifunguliwa mwezi wa Mei 2022. Kampuni ya Kichina iliyoijenga ilipewa haki ya kukusanya ada kwa miaka 27. Mkataba ulipotiwa saini, hakuna aliyejua thamani ya shilingi ingekuwaje mbele ya dola. Shilingi ilipodhoofika, ada ya gari dogo kwa safari nzima ilipanda Januari 2024 kutoka shilingi 360 hadi 500.

Ni bayana kwamba mkataba haukuiondoa shaka hiyo. Uliihamishia kwa dereva. Asiyemudu ada hurudi chini, kwenye msongamano wa Waiyaki Way na Mombasa Road.

Mwalimu wa hesabu hatosheki na jibu pekee. Hudai kuonyeshwa njia. Nasi tuidai Serikali vivyo hivyo. Kabla ya kutia saini mkataba mwingine wa aina hii, itangaze makadirio ya juu, ya kati na ya chini, na ieleze ni nani atakayebeba hasara endapo lile baya zaidi litatimia.